Macho Yangu na Taa za Ghala

Binti yangu aliniita Marekani nije nimlee mzazi, na mzazi mwenyewe alikuwa yeye. Kwetu Kibwezi mwanamke akijifungua mara ya kwanza, mama yake hujifunga leso kiunoni akaenda kumpikia uji, kumwogeshea mtoto na kumfukuza mkwe jikoni, kisha mambo yakitulia anarudi kwake. Hakuna anayekwenda kukaa. Nilibeba unga wa wimbi na vitambaa vya kumfunga tumbo, nikawaacha ng'ombe wangu watatu kwa mdogo wangu, nikatia kufuli mlangoni na kumwambia tutaonana kabla ya masika.

Nitasimulia bila kumtaja mtu kwa jina. Si kwa huruma. Waliohusika wanajijua, na wengine hawana haja ya kujua.

Nyumba yao iko Eagan, mji wa kaskazini kwenye baridi kali, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana mabega, na nyuma yake kuna ghala. Wakisema ghala huku, usifikirie ghala la mahindi. Ni jengo ambalo ungeingiza soko zima la Kibwezi na nafasi ikabaki, na pande zote limezungukwa na nguzo ndefu zenye taa nyeupe ambazo hakuna anayezizima, wala mchana. Chumba nilichopewa kilitazama huko. Pazia lilikuwa zito, lakini mwanga ulipenya pembeni, nami niliweza kutia uzi kwenye sindano usiku bila kuwasha taa. Theluji ilipoanguka ndipo balaa likakamilika, maana sasa mwanga ulitoka juu na ukatoka chini pia, na mbingu ikashika rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Hapo ndipo ilipoanzia habari ya macho yangu.

Miaka michache kabla ya safari nilikuwa nimepasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya misheni. Daktari wa macho wa pale alijua kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, ninakaa mbali na ni mvivu wa kupanda gari, basi akanipa kipimo cha nyumbani. Giza likishaingia, akasema, kaa uwanjani, funika jicho moja, utazame Kilimia, zile nyota ndogo zilizojikusanya ambazo wakulima walizitazama kabla ya kushika jembe. Ukiziona zimeachana moja moja, jicho ni zima. Zikishikana kama uji, njoo. Usipoziona kabisa, usingoje. Ya karibu utayaona kwa miwani hata jicho likiwa linakufa, lakini ya mbali hayadanganyi. Nikafanya hivyo kila jioni isiyo na mawingu, mpaka ikawa kama sala ya kulalia.

Kwa hiyo kwenye baridi yangu ya kwanza Eagan, jioni moja iliyotakata, nikavaa koti la binti yangu na kutoka kwenye kibaraza cha nyuma. Nikafunika jicho la kushoto. Hakuna kitu. Nikafunika la kulia. Hakuna kitu. Mwezi niliuona, lakini mwezi hata ng'ombe anauona. Kimoja kilichong'aa nikakishangilia moyoni, kikaanza kutembea, kumbe ni ndege inashuka. Nilisimama pale mpaka machozi yakanigandia kwenye kope. Niliporudi ndani nilikuwa nimekwisha kujihesabu miongoni mwa vipofu.

Mtu atauliza ni mwalimu gani huyu asiyejua kwamba mwanga huficha nyota. Nilifundisha Kiswahili na dini, sikufundisha sayansi. Umeme kwetu ulikuwa sokoni, na usiku mimi nilikuwa nyumbani. Nairobi nimekwenda mara nyingi, lakini nikiwa Nairobi nilitazama mkoba wangu, sikutazama mbingu. Haikunijia hata kidogo kwamba watu wazima wenye akili timamu wanaweza kuifuta mbingu yote wakaenda zao kulala.

Nilimwambia binti yangu jikoni, akiwa bado na sare ya hospitali. Yeye ni muuguzi, na wakati huo alikuwa pia akisoma ili apande cheo, kazi na masomo na mtoto mchanga, vyote kwa pamoja. Nikamweleza kipimo changu, Kilimia, jicho la kushoto na la kulia. Alinisikiliza huku akimwangalia mtoto aliyelala begani kwangu. Kisha akaenda dirishani, akatazama nje upande wa ghala kwa kitambo kirefu, nami nikadhani anatafuta maneno laini ya kunipa habari mbaya.

"Ni age, Mum," akasema. "Macho huwa yanaenda tu hivyo. Pole."

Nikamuuliza kama kuna daktari anayeweza kunitazama. Akasema bima yangu ya mgeni haigusi macho, na hata ingegusa, hakuna cha kufanya, ni kukubali. Halafu akaketi karibu yangu, akanishika mkono, akaanza kunihesabia mambo ya kwetu kana kwamba sikuzaliwa huko: nyoka wa kwenye kuni, panga, kisima kisicho na ukingo, nyumba yenye mtu mmoja. Nitaishije kule na macho haya? Yeye ni raia wa huku tayari, makaratasi ya mama si shida. Alizungumza kwa ile sauti ya wodini, sauti ya kumtuliza mtu anayechomwa sindano.

Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia auze ng'ombe. Wawili walikwenda kwa mchinjaji. Wa tatu alikuwa na mimba, akachukuliwa na mtu wa Makindu ambaye simjui. Nyumba nikasema ipangishwe. Mdogo wangu alilia kwenye simu, nami nikamkaripia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kulia na nilikuwa nimejizuia.

Baada ya hapo nikaishi kama mtu anayezimika polepole. Niliacha kusoma magazeti. Niliacha kutembea hadi kituo cha basi, nikaogopa ngazi, nikashika kuta. Cha ajabu, na ajabu hii sikuiona wakati ule, ni kwamba macho yangu yalikuwa mabovu kiasi cha kutorudi Kibwezi, lakini mazima kiasi cha kuachiwa mtoto mchanga kutwa nzima. Binti yangu alikuwa akitoka asubuhi ananiambia Mum usikaribie jiko, halafu ananikabidhi mtoto na chupa ya maziwa ya moto.

Mkwe wangu angeweza kuniokoa, lakini kwetu mama mkwe na mkwe hawapigi soga. Ni heshima, na tumeibeba mpaka huku pamoja na unga wa wimbi. Akiingia sebuleni mimi natoka. Tunasalimiana ukuta ukiwa kati yetu. Chakula chake nakiacha mezani nikiwa nimekwisha kupanda juu. Anaendesha lori, huja na kuondoka kwa saa zake, na juu ya macho yangu alijua tu kile alichoambiwa na mkewe, kwamba Mama ana shida ya macho. Aliombea chakula na macho yangu kwa pumzi moja, huko huko chini, nami namsikia kutoka ghorofani.

Baridi ya pili ilipofika, watu wa ushirika wa kanisa wakasema watakuja kuniombea. Walikuja Jumapili baada ya ibada, Wakenya wa mji jirani wa Apple Valley, karibu wote wauguzi, pamoja na mama mmoja wa Kongo anayekaa mtaa wa Phillips, mkimbizi wa zamani mwenye karama ya kuombea wagonjwa. Binti yangu alipika pilau. Nikawekwa kwenye kiti katikati ya sebule, leso mabegani, mtoto amelala ghorofani. Mkwe wangu, kwa heshima, alibaki kwenye korido na wanaume wawili, sahani mkononi.

Yule mama wa Kongo akataka kujua kwanza. "Mama, ile macho ilianzaka namna gani?"

Nikasimulia. Nikataja hospitali ya misheni, daktari, Kilimia, jicho moja baada ya jingine, na jioni ile kibarazani. Nilisimulia vizuri, maana nilikuwa mwalimu. Nilipomaliza, wale wauguzi walikuwa wakitazamana.

Mkwe wangu akacheka kule kwenye korido. Hakucheka kwa ubaya, na hakusema nami, alisema na wenzake. "Lakini Kilimia hapa nani anaiona? Hata mimi siioni. Mpaka ni-drive lori nipite miji yote ya huko north ndio naona stars. Hapa hizi mataa zimezimeza zote."

"Ni vile," akasema mama wa Kongo. "Hata mimi, tangu nilifikaka huku, nyota sijaonaka."

Binti yangu alikuwa akipakua pilau. Mwiko ulisimama hewani. Kiongozi wa ushirika, mtu mpole asiyependa mambo magumu, akakohoa akasema basi ndugu, tuombe tu. Wakanizunguka. Wakaniwekea mikono kichwani, mikono mingi yenye harufu ya iliki, wakafumba macho, na sauti zikapanda.

Mimi nikafumbua yangu. Niliona uzi uliochomoka kwenye pazia ng'ambo ya sebule. Niliona punje ya wali kwenye ndevu za kiongozi. Nilimwona binti yangu, aliyekuwa amefumba macho kuliko wote, kope zimekunjamana kama mtoto anayejificha, na midomo yake haikuwa ikiomba. Nikakumbuka alivyosimama dirishani siku ile akitazama ghala. Hakuwa akitafuta maneno. Alikuwa akizitazama taa. Alijua kabla sijamaliza kueleza, na ng'ombe wangu wakachinjwa akijua.

Hasira niliyoipata hapo sijawahi kuipata kwa mtu yeyote, wala kwa baba yake, ambaye alinipa sababu nyingi. Kama ningesimama nikasema, ingekwisha siku hiyo hiyo. Angelia, wangemzunguka, wangesema Mama msamehe, anakupenda, na pilau ingeliwa ikiwa bado moto. Sikutaka pilau iliwe ikiwa moto.

Maombi yakaisha. Mama wa Kongo akaniinamia akauliza sasa naonaje.

"Giza," nikasema. "Mlipoanza nilikuwa naona kidogo. Sasa ni giza tupu."

Yule mama alirudi nyuma kana kwamba mikono yake imemuunguza. Nilimwonea huruma, hakustahili. Lakini binti yangu alifumbua macho akanitazama, na nilijua kwamba ameelewa. Ni muuguzi. Anajua macho hayafi katikati ya sala. Alijua pia kwamba akisema neno moja, Mum unaona, itabidi aeleze anajuaje, na mbele ya wenzake wote wa kazini.

Wiki ile nilimpigia mdogo wangu. Niliwaza kurudi, na ningerudi, kufuli au bila kufuli, ng'ombe au bila ng'ombe, nikae uwanjani kwangu gizani. Kabla sijasema lolote akaniambia kwa furaha kwamba yule mpangaji wangu amefungua baa na bucha pale pale uani, umeme umevutwa kutoka sokoni, na ameweka taa kubwa nne juu ya paa, kunang'aa usiku kucha mpaka kuku hawajui walale saa ngapi. Watu wa mbali wanaona ule mwanga wanaufuata. "Dada, ukija sasa hutapata shida na macho," akasema. "Kwako hakuna giza tena."

Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Nyumba nilisema mwenyewe ipangishwe. Nilikata simu nikakaa kitandani, mwanga wa ghala umelala juu ya magoti yangu, na hasira niliyokuwa nayo ikapata mahali pa kukaa kabisa.

Basi nikawa kipofu, na nilikuwa kipofu hodari. Jambo la kwanza nilimrudisha mtoto. Nikasema mkwe akisikia, kupitia ukutani, kwamba kipofu hawezi kuachiwa mtoto, nisije nikamwagia maji ya moto. Nani angebisha? Binti yangu aliomba zamu zake zibadilishwe. Hazikubadilika zote. Akaacha darasa moja, kisha la pili, kisha akaacha masomo kabisa, na cheo kile alichokuwa akikifukuza kikaenda kwa wengine. Niliyasikia haya yote akiyaeleza kwenye simu nje ya mlango wangu, na sikutoka.

Nilitaka kupelekwa chooni. Nilitaka kukatiwa nyama. Nilimwaga chai kwenye zulia lake jeupe, si mara moja, na nikauliza nani ameweka meza hapa. Alipotaka kunipeleka kwa daktari wa macho, sasa bima ikiwa imepatikana ghafla, nikamuuliza kwa upole kwa nini tumsumbue daktari, wakati yeye mwenyewe alikwisha kuniambia kwamba hakuna cha kufanya na ni kukubali. Nilimwambia nimekubali. Akatoka akafunga mlango taratibu, na nikasikia amesimama upande wa pili bila kwenda popote.

Mkwe ndiye niliyemsikitikia, na hata yeye sikumwacha. Siku binti yangu akiwa kazini ilibidi anishushe ngazi, na hilo kwetu ni jambo ambalo halijawahi kusikika, mkwe kumshika mkono mama wa mkewe. Kwa hiyo alileta ufagio. Ananipa ncha moja ya mpini, anashika nyingine, anatangulia akiwa amegeuza uso, nami namfuata, wote wawili tunaona aibu ya kufa, mimi nikiwa naona kila ngazi. Alikuwa akiniambia, taratibu Mama, bado moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema. Sikumwambia kitu.

Nilifurahia? Nilifurahia. Watu hupenda kusikia kwamba kulipiza hakuna raha. Nilikuwa nalala vizuri, mwanga wa ghala usoni na yote, na asubuhi naamka na kazi ya kufanya. Kilichoniuma ni mtoto. Alikuwa ameanza kutembea, na alikuja akasimama magotini pangu akinionyesha kitu mkononi, kijiko au kiatu, anangoja nikitazame. Ilinibidi nitazame ukuta. Hicho kiliniuma kweli, na nilimhesabia mama yake hicho pia.

Asubuhi moja, mumewe akiwa njiani na mtoto akiwa amelala, binti yangu aliingia na beseni la maji ya uvuguvugu na mkasi wa kucha. Nilikuwa nimesema nina kucha ndefu na siwezi kujikata. Akapiga magoti kwenye zulia, akauloweka mguu wangu, akaukausha, akauweka pajani mwake. Nje theluji ilikuwa ikianguka na taa za ghala zilikuwa zinawaka mchana huo huo, hazimwangazii mtu yeyote. Nilimtazama utosini. Alikuwa na mvi juu ya sikio ambazo hakuwa nazo aliponipokea uwanja wa ndege, na kwenye kifundo cha mkono alama ya kuungua na mvuke ambayo hakuna aliyenieleza.

Alikata kucha mbili, akasita. Mkasi ukabaki umekamata kidole cha tatu bila kukata.

"Mum, unaona," akasema. "Najua unaona."

Nikageuzia macho ukutani.

"Nilijua ni mataa. Nilijua ile siku ya kwanza tu, nikisimama pale kwa window. Nilikudanganya." Alikuwa akiongea na mguu wangu. "Ungeenda, Mum. Ungeenda na ningebaki na mtoto peke yangu kwa hii nyumba, na nilikuwa nashindwa. Nilikuwa nafikiria vitu vibaya. Sikuweza kukuambia hivyo. So nikakuambia ni macho." Machozi yakaniangukia juu ya mguu, ya moto. "Nisamehe. Ama unichape. Lakini niangalie."

Akainua uso. Alikuja karibu kabisa, macho yake mbele ya yangu, mekundu, wazi, kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo ameanguka na hajui kama alie au asilie. Nilimwona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote. Niliona kwamba hadanganyi sasa. Nilijua pia kwamba ningemtazama mara moja tu, yote yangekwisha, na ng'ombe wangu na nyumba yangu vingekuwa hadithi ya kuchekesha watu wa ushirika.

Niliyasogeza macho yangu pembeni kidogo, mahali pasipo na mtu. Nikanyoosha mkono, nikapapasa hewani, nikalikosa shavu lake, kisha nikalipata, lilikuwa limelowa.

"Ni wewe unayelia," nikamuuliza, "au ni mtoto?"